Jim Valvano, mwalimu wa dakika za mwisho

Katika namba hii tumewaacha wafalme na wavumbuzi kando kidogo, tukachagua mwalimu wa mpira wa kikapu. Jina lake ni James Thomas Valvano, lakini watu wote walikuwa wanamwita Jim. Alikufa mwaka wa 1993, zamani, mbele ya sisi wa darasa la sita kuzaliwa. Tumemchagua kwa sababu jina lake limefungwa na zile dakika mbili za mwisho za mchezo, dakika ambazo kwenye kiwanja chetu kila mtu anapiga kelele yake, mpira unatupwa ovyo, na kiisha tunamlaumu mwamuzi.

Valvano alizaliwa tarehe 10 Machi 1946 katika mji wa New York, upande wa Queens, kwa jamaa yenye asili ya Italia. Baba yake, Rocco, alikuwa anafundisha ekipe ya mpira wa kikapu ya shule ya sekondari. Kwa hiyo mtoto aliiona kazi hii nyumbani, sawa na mtoto wa fundi anavyoona randa na msumeno. Alipofika chuo kikuu cha Rutgers alisoma Kiingereza na kucheza. Nyota wa ile ekipe hakuwa yeye, alikuwa Bob Lloyd, mwenye alilala naye chumba kimoja. Mwaka wa 1967 walipata nafasi ya tatu katika mashindano yanayoitwa NIT, na kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa kwa Rutgers.

Miaka iliyofuata tutaipita mbio. Alifundisha mwaka mmoja kule Johns Hopkins, akawa msaidizi kule Connecticut, kiisha Bucknell, na toka 1975 mpaka 1980 alikuwa Iona, chuo kidogo karibu na New York. Mwezi wa Februari 1980 Iona waliipiga Louisville pointi 77 kwa 60, na ile Louisville ndiyo ilipata ubingwa wa Marekani majuma machache nyuma ya pale. Hapo wakubwa wakaanza kuuliza huyu Valvano ni nani. Mwaka uleule chuo cha North Carolina State, katika mji wa Raleigh, kilimwita kufundisha ekipe yake.

Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko kingi. Alikuwa na desturi moja ambayo wengine waliona ni ya kitoto: kila mwaka siku moja ya mazoezi wachezaji hawakugusa mpira, walipewa makasi tu na kupanda kukata nyavu za vikapu. Kule Marekani ekipe yenye kushinda ubingwa inakata nyavu na kuzibeba nyumbani. Valvano alitaka mikono yao izoee ile kazi kabla haijafika. Sisi tunaona si utoto. Mtu mwenye hajawahi kuwaza kwamba anaweza kushinda, akifika karibu na kushinda anatetemeka.

Sasa mbele ya kueleza mwaka wa 1983 tunaomba uvumilivu wenu kidogo, kwa sababu bila kujua sheria za ule wakati hamtaelewa alifanya nini.

Siku hizi katika vyuo vya Marekani ekipe ya wanaume yenye mpira inapashwa kutupa kwenye kikapu mbele ya sekunde 30 kwisha. Katika mashindano ya taifa ya 1983 sheria hii haikuwako. Katika ligi yao wenyewe walijaribu ule mwaka saa ya sekunde 30 na mstari wa pointi 3, lakini walipoingia mashindano ya taifa vyote viwili viliachwa mlangoni. Maana yake: ekipe ikipata pointi 4 mbele na dakika 3 zimebaki, inaweza kushika mpira tu, kupitishiana huku na huku, na ninyi mnakimbia nyuma yao sawa na watoto wenye kufukuza kuku, saa inakwisha. Unaweza kusimamisha saa kwa kuomba mapumziko mafupi, ile tunayoita kwa Kifaransa temps mort. Lakini yana hesabu. Ukiyamaliza mapema, mwishoni huna kitu. Na tena, kuomba temps mort wakati adui ana mpira haiwezekani. Mwenye mpira ndiye anaomba.

Valvano aliona njia ingine. Mchezaji akimfanyia adui kosa, saa inasimama, na haikugharimu temps mort hata moja. Na ekipe ikifikisha kosa la saba katika nusu ya mchezo, mwenye kufanyiwa kosa anapewa mtupo mmoja wa adhabu. Akiuingiza anapewa wa pili. Akikosa ule wa kwanza hakuna wa pili, mpira unarudi mchezoni na kila mtu anaruka kuupigania.

Hapa tumekaa na chaki tukafanya hesabu. Tuseme mtupaji ni wa kadiri, anaingiza 6 kwa 10. Tumpeleke kwenye mstari mara 100. Mara 40 atakosa mtupo wa kwanza na atapata sifuri. Mara 24 ataingiza wa kwanza na kukosa wa pili, pointi 1. Mara 36 ataingiza yote miwili, pointi 2. Jumla ni pointi 96 kwa safari 100, haifiki hata pointi moja kwa safari. Na ninyi kila mara mnarudishiwa nafasi ya kutupa kwa pointi 2. Mtupaji hodari, wa 8 kwa 10, ni mambo mengine: safari 100 zinampa pointi 144. Basi siri si kufanya kosa ovyo kwa mtu wa kwanza mwenye kupita. Siri ni kujua nani wa kumfanyia. Aliyefikiri vizuri mbele ya mchezo anajua jina lake. Anayefikiri saa imebaki dakika moja anamshika aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ndiye mtupaji mzuri, kwa sababu adui naye si mjinga, anampa mpira huyo.

Tena kuna bei. Mchezaji akifikisha makosa matano anatoka. Na mwamuzi akiona mtu hakutafuta mpira hata kidogo, alimkumbata tu mwenzake, adhabu inaongezeka. Kwa hiyo wachezaji wa Valvano walipashwa kuutafuta mpira kweli, na kosa lije lenyewe.

Wengine katika darasa letu wamesema hii ni udanganyifu. Tumebishana sana. Sisi tunaona ukivunja sheria kwa siri, kusudi usipate adhabu, huo ni udanganyifu. Huyu alivunja mbele ya mwamuzi na akalipa bei iliyoandikwa. Lakini tunakubali kwamba mchezo unakuwa mbaya kuangalia, na wakubwa wa mchezo waliona vilevile. Katika msimu wa 1983-1984 waliweka sheria kwamba katika dakika 2 za mwisho kosa lilete mitupo miwili moja kwa moja. Haikukaa, waliifuta yapata mwezi mmoja tu. Dawa iliyodumu ilikuja katika msimu wa 1985-1986, saa ya sekunde 45 kwa wote. Kwa sababu shina la ugonjwa halikuwa kosa. Shina lilikuwa ule uhuru wa kushika mpira bila mwisho.

Turudi kwa 1983. Mwezi wa Januari mtupaji mkubwa wa North Carolina State, Dereck Whittenburg, alivunjika mguu, na watu wakasema msimu umekufa. Alirudi mbele ya mwisho wa msimu, lakini ekipe ilikuwa imeshinda 17 na kupoteza 10, na bila kushinda mashindano ya ligi yao hawakuwa na tumaini kubwa la kuitwa kwenye yale ya taifa. Wakayashinda. Wake Forest kwa pointi moja, 71 kwa 70. North Carolina, ekipe ya Michael Jordan, 91 kwa 84 kiisha dakika za nyongeza. Virginia, ekipe ya yule mrefu Ralph Sampson, 81 kwa 78.

Katika mashindano ya taifa, mchezo wa kwanza tu karibu uwatoe. Pepperdine waliwazidi pointi 6 katika dakika za nyongeza za kwanza, na muda ulikuwa unakwisha. Wakaanza kufanya makosa. Mtupaji hodari wa Pepperdine akakosa (ndiyo, hata hodari anakosa, hesabu haisemi hapana), na kiisha nyongeza mbili wakashinda 69 kwa 67. Juu ya Nevada-Las Vegas walikuwa nyuma pointi 12 katika nusu ya pili, wakashinda 71 kwa 70. Utah haikuwasumbua. Virginia tena, 63 kwa 62. Georgia, 67 kwa 60. Angalieni hizi namba: zaidi ya nusu ya ile michezo mingeweza kuipoteza kwa mpira mmoja kukataa kuingia.

Fainali ilikuwa tarehe 4 Aprili 1983 kule Albuquerque, mji ulio juu sana, zaidi ya mita 1500, ambako pumzi inakwisha upesi. Adui alikuwa Houston, wenye walikuwa wameshinda michezo 26 kwa mfululizo. Walikuwa na Clyde Drexler, na katikati alisimama kijana wa Lagos, Nigeria, Olajuwon. Sisi Wakongo tunamjua zaidi Dikembe Mutombo wa Kinshasa, mwenye alikuja nyuma akacheza Georgetown mpaka 1991. Olajuwon alimtangulia katika ile kazi ya kukataza mipira chini ya kikapu. Ile siku alipata pointi 20 na kuokota mipira 18, na akachaguliwa mchezaji bora hata kama ekipe yake ilipoteza.

Valvano alikuwa amewatania waandishi wa habari mpaka wakaamini kwamba ekipe yake itashika mpira tu. Haikufanya vile. Ilicheza waziwazi, na nusu ya kwanza ikaisha 33 kwa 25 kwa upande wake. Kiisha Houston wakatoka chumbani na kupata pointi 17 kwa 2. Ikawa 42 kwa 35.

Hapa mwalimu wa Houston, Guy Lewis, alikata shauri ambalo watu wanabishana juu yake mpaka leo. Aliamuru ekipe yake ipunguze mbio, ishike mpira. Tusimhukumu upesi. Wachezaji wake walikuwa wamechoka na ile hewa nyembamba, Olajuwon alikuwa anahitaji kuvuta oksijeni, Drexler alikuwa na makosa manne tangu nusu ya kwanza, na kushika mpira ukiwa mbele ndiyo ilikuwa hekima ya walimu wengi wa ule wakati. Lakini ekipe yenye kushinda kwa mbio ikiacha mbio imeacha silaha yake chini. Tena Houston walikuwa wabaya kwenye mstari wa adhabu. Ile siku waliingiza 10 tu katika mitupo 19. Kwa kushika mpira walijileta wenyewe pale ambapo Valvano alikuwa anawangojea. Akaanza kuamuru makosa. Houston wakakosa, Whittenburg na wenzake wakatupa kutoka mbali, na ikawa 52 kwa 52.

Sasa someni polepole. Hesabu ni sawa, Houston wana mpira, na muda umebaki kama dakika moja. Walimu wengi kumi kwa kumi wangesema: tulinde, tusifanye kosa, tusiwape pointi za bure. Valvano aliamuru kosa. Juu ya nani? Juu ya Alvin Franklin, kijana wa mwaka wa kwanza. Ilibaki dakika 1 na sekunde 5.

Ni wazimu? Fikirini. Bila saa ya kuwalazimisha, Houston wangeshika mpira ile dakika nzima, na mwishoni wangemtupia Olajuwon chini ya kikapu. Wakipata, mchezo umekwisha na ninyi hamkugusa mpira tena. Wakikosa, mnapata dakika za nyongeza tu, na ekipe nzuri kupita yenu. Lakini kwa kosa, jambo baya zaidi ni kijana kuingiza yote miwili: mko nyuma pointi 2, mpira ni wenu, na dakika moja iko. Jambo zuri ni yeye kukosa: mpira ni wenu na mtupo wa mwisho ni wenu. Yaani alikubali kuwa nyuma kusudi shauri la mwisho liwe mikononi mwake, lisiwe mikononi mwa adui. Ukimuuliza mwanafunzi yeyote wa hesabu mwenye kukaa kivulini atakubali. Kuisema mbele ya maelfu ya watu, ukijua kwamba kijana akiingiza utaitwa mpumbavu toka kesho mpaka kufa, ni kitu kingine.

Franklin alikosa mtupo wa kwanza. North Carolina State wakaokota mpira, na sekunde 44 zilipobaki Valvano akaomba temps mort. Alikuwa amebakiza moja kwa ajili ya hii. Mpango ulikuwa rahisi: kushika mpira mpaka mwisho, kiisha Whittenburg atupe, kusudi Houston wasipate muda wa kujibu.

Na mpango ukaharibika. Lewis naye alitumia yale mapumziko. Alibadilisha ulinzi wake, wachezaji wake wakawa wanawabana wenye mpira wawili wawili, jambo ambalo wale vijana hawakulitazamia. Wakapitishiana kwa wasiwasi. Pasi ya mwisho ilikuwa mbaya, mkono wa Mhouston uliigusa, na bado kidogo auchukue. Whittenburg akaudaka mbali na kikapu, yapata mita 9, akautupa kwa sababu hakukuwa tena na kitu kingine cha kufanya. Ulikuwa mfupi. Haukufika hata kwenye chuma. Lakini Lorenzo Charles alikuwa amesimama chini, Olajuwon hakuwa mbele yake, akaudaka hewani na kuupachika ndani kwa mikono miwili, na saa ikaisha. 54 kwa 52. Whittenburg amezoea kutania kwamba ile ilikuwa pasi.

Valvano alikimbia uwanjani huku na huku, mikono wazi, akitafuta mtu wa kumkumbata, na kila mtu alikuwa ameshakumbatwa na mwingine. Ile picha bado inaonyeshwa kila mwaka mwezi wa Machi.

Hatutaki kuwadanganya: ule mpira wa mwisho hakuupanga mtu. Alichopanga Valvano ni kwamba mpira uwe wa ekipe yake na saa iwe karibu kwisha. Kilichobaki kilikuwa mkono wa Charles na bahati. Wenye kusema alishinda kwa akili tu wanakosea, na wenye kusema ni bahati tu hawakufanya ile hesabu ya chaki.

Kama tungeishia hapa mngesema tunaandika sifa za bure. Valvano alibaki Raleigh miaka saba tena. Alishinda ligi yao mara ingine mwaka wa 1987, juu ya North Carolina, 68 kwa 67, pointi moja tena. Toka 1986 alikuwa pia mkubwa wa michezo yote ya chuo, alikuwa na hotuba, televisheni, biashara. Mwaka wa 1989 kitabu kilitoka kikishitaki ekipe yake kwa mambo mengi. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilichunguza, kikaona kwamba wachezaji walikuwa wameuza viatu na tiketi walizopewa bure, kikakiweka chuo chini ya adhabu ya miaka miwili na kukikataza mashindano ya taifa ya 1990. Yeye mwenyewe hakushikwa na kosa la NCAA. Lakini uchunguzi wa upande wa chuo ulionyesha kitu ambacho kwa sisi wanafunzi ni kikubwa kupita viatu: baadhi ya wachezaji walikuwa wanasaidiwa kubaki kwenye ekipe huku masomo yao hayaendi. Mwezi wa Aprili 1990 aliacha kazi, na si kwa kupenda.

Hapa tunasema mawazo yetu. Mtu mwenye kujua ni nani katika ekipe ya adui anatetemeka kwenye mstari wa adhabu, angeweza kujua ni nani katika ekipe yake hafiki darasani. Mchezaji wa chuo ana miaka minne tu, na nyuma ya ile miaka wengi wao hawatalipwa hata franga moja kwa kucheza. Ile saa nayo ilikuwa inakimbia, na hakuna mtu aliyeisimamisha. Kati yetu hapa kuna wenye kucheza vizuri na mutihani wa Serikali unakaribia, wanajijua.

Kiisha kuacha, alieleza michezo kwenye televisheni, na watu walimpenda. Mwezi wa Juni 1992 waganga walimwambia kwamba ana kansa, na ilikuwa imeshaenea. Alikuwa na miaka 46, mke na binti watatu. Tarehe 21 Februari 1993 alirudi kwenye uwanja wa Raleigh kwa sherehe ya miaka kumi ya ule ushindi, na chuo kilichomwacha kikasimama kumpigia makofi. Tarehe 4 Machi alipewa nishani yenye jina la Arthur Ashe, bingwa wa tenisi aliyekuwa amekufa mwezi mmoja tu mbele. Ilibidi wenzake wamsaidie kupanda ngazi. Huko akatangaza kuanzishwa kwa mfuko wa kutafuta dawa za kansa, unaoitwa V Foundation. Alipokuwa anasema, maandishi yaliwaka mbele yake kumwonya kwamba zimebaki sekunde 30. Aliyacheka mbele ya watu wote, na akaendelea kusema mpaka alipomaliza yake.

Alikufa tarehe 28 Aprili 1993 katika hospitali ya chuo kikuu cha Duke, akazikwa Raleigh. Ule mfuko umekwisha kutoa zaidi ya dola milioni 300 kwa wachunguzi wa kansa, na toka 2018 uwanja wa zamani wa North Carolina State unabeba jina lake.